Sauti ya marehemu mzee ilifutika na mtandaoni pia. Tuliopo Mtwara na Lindi, tuhifadhi vipi mafaili ya nyumbani?

#1 MwanaMikindani

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nina kompyuta ya mezani nyumbani, hapa Mikindani. Si ya ofisi. Ndani yake kuna picha za familia tangu 2009, vyeti vya watoto nilivyoskani, hati ya kiwanja, na faili moja la sauti la dakika 11. Mwaka 2019 nilimrekodi marehemu baba akiwa amekaa chini ya mkorosho kule Nanyamba, anataja mipaka ya shamba. Anaanzia kwenye mkorosho uliopasuka pacha, anashuka hadi kwenye kichuguu, anamtaja aliyempa kila kipande na mwaka aliopewa. Katikati anakohoa, anamwita mjukuu amletee maji, unasikia kata inagonga ndoo. Mwaka uliofuata akatutoka.

Nilijua nimejipanga. Nilikuwa nimeweka programu ya huduma moja ya mtandaoni, kila nilichoweka kwenye folda ya Familia kinapanda chenyewe. Mwezi wa kumi msimu wa korosho ulipoanza nikaenda Masasi, nikakaa siku 41. Nyumbani nilimwacha mpwa wangu aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Kompyuta ikamwandikia nafasi imejaa. Kijana akatafuta folda kubwa kuliko zote, akaifuta, akamwaga na pipa la taka. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia folda ile ina nini.

Narudi, nakuta pengo. Sikuogopa hata kidogo, nikajisemea mtandaoni ipo. Nikafungua akaunti kwenye simu: patupu. Pipa la taka la mtandaoni nalo patupu, maana lilikuwa linatunza kitu siku 30 tu, na mimi nimerudi siku 11 baada ya muda kwisha. Programu ilifanya kazi yake sawasawa. Ilikuwa inasawazisha: kilichopo huku kiwepo kule, kilichofutwa huku kifutwe kule. Mimi niliichukulia kama ghala, kumbe ni kioo. Ukiondoka mbele ya kioo, na sura yako inaondoka.

Picha za 2009 hadi 2016 zimekwenda, na harusi ya mdogo wangu imo humo. Sauti ya mzee imepatikana. Siku ya arobaini dada yangu wa Lindi alinisihi nimtumie, nikamtumia kwa WhatsApp kama dokumenti, na yeye hakuifuta. Nilimpigia saa nne usiku. Akaicheza simu ikiwa sikioni, nikasikia ile kata na ndoo. Nililia, sioni haya kusema.

Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, nimejaribu. Naweka hapa ninavyofanya sasa, wenye ujuzi zaidi mnirekebishe.

Kwanza nilichambua. Nyimbo, filamu na programu za kusakinisha nimeziacha nje, hizo zinapatikana tena. Nilichobakiza ni kile ambacho kikipotea hakuna duniani wa kunirudishia. Kutoka GB 160 nikabaki na GB 9. Kazi hii ilinichukua jioni tatu, na naomba msiiruke, maana ndiyo iliyofanya mengine yote yawezekane kwa bando la mtu wa kawaida.

Kisha hesabu ya kupandisha. Wengi tunapima spidi ya kupakua, ile ya kupandisha hatuitazami. Kwangu usiku ni kama Mbps 2, yaani megabiti 2 kwa sekunde, na biti nane ndiyo baiti moja. Hiyo ni robo ya MB kwa sekunde, au MB 900 kwa saa, kwa hiyo GB 9 zinataka saa 10. Nikanunua bando la usiku mara mbili, saa sita hadi alfajiri, kazi ikaisha. Kabla ya kupandisha nilifunga mafaili kwa 7-Zip, programu ya bure, nikaiambia ikate vipande vya MB 500. Mtandao ukikatika katikati unarudia kipande kimoja tu. Nikaweka na nywila, na usimbaji wake (kule kuyavuruga mafaili yasisomeke bila nywila) ni wa AES-256, kwa hiyo hata akaunti ikidukuliwa mwizi ataona mafurushi asiyoweza kuyafungua. Tahadhari: ukiisahau nywila hiyo, na wewe huyafungui. Yangu nimeiandika kwenye daftari, ipo kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja.

Kila furushi lina tarehe kwenye jina. La mwezi huu haligusi la mwezi uliopita. Na nimelipandisha kwa mkono, kupitia kivinjari. Hakuna folda ya kompyuta iliyofungamana nalo, kwa hiyo mpwa akifuta huku, kule hakuguswi.

Kwenye nafasi ya bure: Google wanatoa GB 15, ila jueni hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive (hifadhi yao ya mafaili) na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa. Tangu 2024 na nakala za WhatsApp za simu za Android zinakula humo humo. MEGA wanatoa GB 20, OneDrive GB 5, Dropbox GB 2. Kwa picha za simu zenye MB 4 hivi kila moja, GB 15 ni kama picha 4,000 na hakuna kingine. Mimi nimefungua akaunti ya pekee kwa kazi hii, isiyochanganyika na barua pepe zangu.

Mnafanyaje wenzangu?

#2 Kitaya_Mpakani

Pole sana mkuu, na Mungu amrehemu mzee.

Ila mimi bado naona flashi inatosha. Mtandao wenyewe huku kwetu unaujua. Unaweka vitu vyako kwa wazungu, siku mtandao ukikata unabaki unatazama dirisha. Flashi naitia mfukoni. Juzi nimechukua ya TB 2 sokoni kwa elfu kumi na tano, nimehamishia kila kitu.

#3 FundiChuno

Kitaya, kaka yangu, kabla hujalala leo chomeka hiyo flashi ujaribu kufungua mafaili uliyoyaweka MWISHO, usifungue ya mwanzo. Nakuomba sana.

Nimefungua nyingi za namna hiyo mezani kwangu. Ndani unakuta chipu ya GB 16 au 32 iliyochezewa ijitangaze kuwa TB 2. Inapokea kila unachoiwekea, majina ya mafaili unayaona yote, ukubwa unauona, lakini ikishajaa nafasi yake ya kweli inaandika juu ya kilichotangulia au inatupa. Huwezi kujua mpaka siku unayohitaji. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inaijaza flashi yote kisha inasoma tena ilichoandika. Inachukua muda, lakini itakwambia ukweli. Bei pekee ingekutosha kushtuka: TB 2 halisi haiuzwi elfu kumi na tano.

Hata flashi ya kweli si ya kuweka kitu kabatini miaka kumi. Inatunza data kwa chaji ndogo ndogo za umeme na chaji hizo huvuja ikikaa bila kuchomekwa. Flashi ni ya kubebea.

Na nyie mnaokaa Shangani na Mikindani, hewa ya chumvi. Naletewa diski za nje, ukitazama sehemu ya kuchomekea unaona kutu ya kijani. Weka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

#4 MwanaMikindani

Fundi, asante sana.

Kitaya, hoja yako ya mtandao naiheshimu, maana ni kweli. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, nchi nzima tulishinda hatuna intaneti ya maana, na ikachukua siku kutengemaa. Siku kama ile aliye na nakala ya mtandaoni peke yake hana kitu mkononi. Ndiyo maana sijaacha diski ya nje. Naichomeka Ijumaa baada ya sala, nakopi, naichomoa, inakwenda kabatini. Hiyo ni ya haraka. Ya mtandaoni ni ya siku nyumba yenyewe haipo.

Mpigapicha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na hapo ulipo. Nimeipima kwa mkasa wangu. Nilikuwa na nakala mbili zilizofungwa kamba moja, kwa hiyo ilikuwa moja. Nakala ya mbali niliyokuwa nayo ni simu ya dada, na sikuwa nimeipanga.

#5 BintiMwera

Naongea kutoka Lindi. Kwa hilo la nyumba kutokuwepo, tusilichukulie kwa mbali. Kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, mvua ilivyopiga huku kila mtu anakumbuka, na barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga. Kwetu maji yaliingia sebuleni usiku. Kompyuta ilikuwa sakafuni pembeni ya meza, diski ya nje ipo juu yake. Tuliokoa watoto na magodoro. Asubuhi nimeinua ile kompyuta, maji yanamwagika kwenye matundu ya nyuma kama birika. Diski nayo hivyo hivyo.

Vyeti nimevifuatilia upya kimoja kimoja, kwa nauli na foleni. Picha za mama yangu sina pa kuzifuatilia.

Kaka MwanaMikindani, nikianza leo na simu tu, bila kompyuta, nianzie wapi?

#6 MwanaMikindani

Pole sana dada yangu.

Anza na karatasi. Piga picha mchana, karibu na dirisha, cheti kimoja kimoja kikiwa kimelazwa mezani: vya kuzaliwa, vya shule, NIDA, hati ya kiwanja, kadi za kliniki za watoto. Havifiki hata MB 100, vinapanda kwa dakika chache kwenye bando lolote. Halafu waandikie ndugu wote kwenye kundi la familia wakutumie picha za mama walizonazo, ila wazitume kama dokumenti. Wakizituma kama picha za kawaida WhatsApp inazipunguza ubora, ukikuza uso unaona vijiboksi. Usishangae utakachopata. Mimi tayari nimerudishiwa picha 63 za ile harusi kutoka kwa watu ambao nilikuwa nimesahau kama walikuwepo.

#7 Mwalimu_Ligula

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, laptopu yangu ina Windows na nimeona yenyewe inahifadhi OneDrive, vitu vya kwenye uso wa kompyuta, nyaraka na picha. Nilifurahi. Sasa kuna mambo mawili. Inaniandikia imejaa. Na nilikwenda Kilwa msibani, sina bando, nikataka kufungua maazimio ya kazi, baadhi yanakataa kufunguka wakati jina la faili naliona pale pale. Yamekwenda wapi?

#8 FundiChuno

Mwalimu, shikamoo. Hayajapotea. Tazama alama ndogo pembeni ya kila faili. Ukiona kiwingu cha bluu, faili lenyewe liko mtandaoni tu, kwenye laptopu kuna jina. Ukiona tiki ya kijani, lipo kwenye laptopu pia. Kabla ya safari bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya folda, chagua ibaki kwenye kifaa hiki daima, subiri tiki ya kijani iliyojaa, ndipo uondoke.

Kujaa ni kwa sababu ya bure ni GB 5 na picha zako zimeingia humo. Ingia kwenye mipangilio, ondoa folda ya picha, bakiza nyaraka. Ila kabla ya kuondoa hakikisha picha zipo kwenye laptopu kweli kweli, zisiwe viwingu.

Na hii nayo ni kusawazisha, kama iliyomkuta mwenye uzi. Ukifuta huku inafuta kule. Virusi vile vya kuteka mafaili vikiingia, vinayasimba, na programu inapandisha yale yaliyosimbwa juu ya mazima. Kinachookoa hapo ni matoleo ya zamani: Drive hutunza matoleo ya faili kwa siku 30, na kwa OneDrive mwenye kulipia Microsoft 365 anaweza kurudisha hifadhi yake yote ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Muda huo ukipita hakuna fundi wa kukusaidia.

#9 KatibuWaChama

Nimefuatilia uzi tangu jana. Nipo Tandahimba, naandika daftari la wakulima la chama chetu cha msingi kwenye Excel: jina, simu, kilo, namba ya akaunti ya benki. Msimu wa minada kompyuta yangu ya nyumbani ndiyo roho ya kazi, umeme ukikatika ukirudi unarudi kwa kishindo. Naweza kuliweka kwenye akaunti yangu binafsi ya Drive?

#10 MwanaMikindani

Katibu, kwa hili nitakuwa mkali kidogo, uniwie radhi. Picha zangu ni zangu. Namba za akaunti za wakulima mia kadhaa si zako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Sheria hiyo imeweka masharti mpaka kwenye kuzipeleka taarifa za watu nje ya nchi, na kompyuta za hizo huduma ziko nje. Lipeleke kwenye bodi ya chama, waamue wapi panahifadhiwa na nani ana nywila, iandikwe kwenye muhtasari. Siku ukihama au ukiugua, wakulima wasibaki wanasubiri malipo huku daftari limefungwa kwenye barua pepe ya mtu mmoja.

Kwa leo hii, funga faili kwa nywila, tia kwenye diski ya nje ya chama, si yako, na ikae kwenye kabati la ofisi lenye kufuli. Na nunua UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika, hata ndogo. Dakika kumi zinatosha kuhifadhi na kuzima kwa heshima.

Hilo la taarifa za watu linanigusa na kwenye picha. Huku kwetu watoto wanatolewa unyagoni, tunapiga picha za mwali siku ya kutoka, kapendeza, kakaa mkekani. Halafu mtu anapandisha albamu na kuruhusu yeyote mwenye kiungo aone. Kiungo kinazunguka kundi hadi kundi. Naomba tuzifunge, tumpe ruhusa mtu kwa jina lake.

#11 FundiChuno

Naongezea kwenye funguo, maana ndipo watu wengi wanapopotezea. Akaunti yenye uthibitisho wa hatua mbili ni nzuri, lakini kama namba ya siri inakuja kwenye laini ambayo imepotea, umejifungia nje. Laini ikikaa sana bila kutumika hufungwa na namba akapewa mwingine. Google wanakupa namba 10 za akiba. Zichapishe, ziweke penye vyeti.

Pia wametangaza tangu 2023 kwamba akaunti binafsi isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa na vilivyomo. Ingia hata mara moja kila mwezi. Na kwa tulio na watoto: kuna sehemu ya mipangilio unachagua watu, hadi 10, watakaopewa vitu vyako kama akaunti ikinyamaza kwa muda uliouweka, kuanzia miezi 3 hadi 18. Mimi nimemweka mke wangu na kaka yake.

#12 Kitaya_Mpakani

Narudisha mrejesho. Nimeijaribu ile flashi usiku ule ule kama fundi alivyosema. Mafaili ya mwanzo yanafunguka. Kuanzia folda ya sita picha zote ni kijivu, video zinasema haziwezi kuchezwa. H2testw imekuta GB 29 tu ndizo za kweli. Kompyuta sikuwa nimeifuta bado, alhamdulillah, nilipanga kuifuta wikiendi.

Mwenye uzi, nisaidie: unajuaje kwamba lile furushi la mtandaoni nalo ni zima?

#13 MwanaMikindani

Alhamdulillah, nimefurahi kama ni zangu.

Najua kwa kulishusha. Kila mwisho wa mwezi nachagua furushi moja, nalipakua kwenye kompyuta isiyo yangu, nalifungua kwa nywila ya kwenye daftari, nasoma kitu ndani. Nikiamini kwa sababu tu jina nimeliona kwenye orodha, nitakuwa sina tofauti na wewe na folda ya sita.

Wiki iliyopita nilikuwa Lindi kwa dada. Nikachukua laptopu ya mwanawe, nikaingia kwenye akaunti, nikashusha furushi la sauti. Bando lake lilikuwa dogo, ikachukua kama dakika tano. Nywila nilikosea mara ya kwanza, herufi kubwa. Ya pili ikafunguka. Dada akaacha kupepeta mchele akaja kukaa. Mzee akaanza kwenye mkorosho pacha, akashuka kichuguuni, akakohoa, akaita maji. Yule mjukuu aliyeitwa ndiye mwenye laptopu, sasa ana miaka kumi na saba. Akasema, "Mjomba, hapo ni mimi," akaomba nimwekee na yeye nakala.

Nimemwekea. BintiMwera, ukishapiga zile picha za vyeti niandikie kisandukuni, nikuelekeze kuzifunga.